Ramani ina muhuri, maji yana njia yake

Mhariri, asalaam alaykum. Mie si mtaalamu wa majengo, nina cherehani yangu tu na nyumba ya urithi huku Ng'ambo, Unguja, lakini masika iliyopita maji yaliingia ndani mpaka yakafika kwenye godoro na tangu siku hiyo nina neno limenikaa kooni.

Maji yale yalikuja kwa mlango wa uani. Upande wa juu kuna mtu kajenga ghorofa tatu, kazungusha na ukuta mrefu, na pale ulipopita ukuta ndo palipokuwa njia ya maji tangu wazee wetu, mtaa mzima unaijua, sisi utotoni tukishindanisha vijimashua vya karatasi hapo hapo. Aliyechora ramani hakuijua kwa sababu hakumuuliza mtu. Na ramani ina muhuri, nimeiona kwa macho yangu, kila kitu halali.

Basi tukahamia skuli, siku nne, wanawake darasa hili wanaume darasa lile, bibi yangu ana miaka themanini na kitu anapelekwa kwenye choo cha watoto wa darasa la kwanza na maskini hata kuchutama hawezi. Pakupikia hapana, tunapika barazani mwa skuli moshi wote unaingia darasani, na watoto wenye skuli yao ndo hivo hawasomi. Sasa mie nauliza, ikiwa mafuriko yakija watu wanapelekwa skuli, kwa nini skuli zinachorwa kama hazitolaza mtu hata siku moja? Choo kimoja cha mtu mzima na kibanda cha jiko ni gharama gani mbele ya jengo zima?

Watu wanafikiri usanifu ni urembo, vioo vya buluu na nguzo za kizungu. Jamani, ramani ni siasa, mana ndo inayoamua nani akae pakavu na nani akinge ndoo. Hebu tazameni Darajani, pana jina la daraja lakini daraja halipo. Palikuwa na mkono wa bahari pale, Pwani Ndogo, ukitenga Mji Mkongwe na huku kwetu, na ndo sababu tukaitwa Ng'ambo. Bahari ikafukiwa wakati wa ukoloni, jina limebaki mpaka leo na sisi bado ni watu wa ng'ambo, wageni wakiletwa kuonyeshwa mji huku hawafikishwi.

Halafu yakaja maghorofa ya Michenzani baada ya Mapinduzi, Mzee Karume na Wajerumani wa Mashariki. Mie siyatetei, vimevunjwa vijumba vingi vya watu, na mtu aliyezoea uwa wake na kuku wake kupandishwa ghorofani si jambo dogo. Lakini swali waliloanza nalo lilikuwa watu watalala wapi. Sikuhizi swali la kwanza ni pesa itarudi baada ya miaka mingapi.

Na kitu kinachoniuma zaidi ni baraza. Wazee walijenga baraza za mawe mbele ya nyumba kule Mji Mkongwe, sisi tunadhani ni za kunywea kahawa na kuteta siasa kama pale Jaws Corner. Kumbe mvua ikinyesha kichochoro kikajaa maji unapita juu ya baraza, nyumba hadi nyumba, unafika msikitini miguu mikavu. Mwenye nyumba katoa kipande chake kwa ajili ya mpita njia! Leo nyumba mpya mbele ina ukuta na geti, ukisimama kujikinga mvua anatoka mlinzi anakuuliza unamtafuta nani.

(Najua kuna watakaosema nyumba za zamani nazo zinaanguka, ni kweli, jumba la Beit al-Ajaib la 1883 lilidondoka upande Disemba 2020 na watu wawili wakafa. Na wapo wanaolala kwenye nyumba zenye nyufa hapo hapo Mji Mkongwe, ila hao habari zao hazina picha nzuri.)

Ombi langu si kubwa. Kabla ramani haijapigwa muhuri ibandikwe kwa sheha, kiongozi wa mtaa, wiki mbili, majirani tuione, na mchoraji aje siku moja asimame mtaani mvua inanyesha, si kwa gari, kwa miguu, aone maji yanaelekea wapi. Na wasanifu wetu wajifunze kumwambia tajiri hapana, hapo haujengwi ukuta, hata kama ndo anayewalipa.

Yule jirani nilimfuata. Muungwana, hakunijibu vibaya, kaniita ndani, kanipa juisi ya ukwaju, na wiki ya pili kamleta fundi akatoboa ukuta akatia paipu ya inchi nne. Inchi nne, kwa maji ya mtaa mzima. Mie nimeshanunua matofali manane, kila mguu wa kitanda mawili.

Msomaji wenu,
Ng'ambo, Unguja