Kwa wakutubi vijana: msomaji akiomba kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa

Wanangu mlioajiriwa karibuni kwenye maktaba za mikoa na wilaya, mlioko vyuoni, na ninyi walimu mliokabidhiwa ufunguo wa chumba cha vitabu shuleni kwa sababu tu vipindi vyenu ni vichache,

Salamu. Huku tuliostaafu hatujambo, ukiacha magoti.

Nawaandikia kwa jambo ambalo bila shaka limeshawafika. Anakuja msomaji kaunta, mara nyingi mwanafunzi wa chuo anayekimbizana na tarehe ya kuwasilisha utafiti, ameshika simu yenye orodha ya marejeo. Waandishi mnawajua. Mwaka upo, mchapishaji yupo, hata kurasa zimetajwa. Mnatafuta kwenye katalogi, hamna. Mnapita rafu kwa rafu, hamna. Mnampigia mwenzenu wa maktaba nyingine, naye hana. Msomaji anaondoka akinung'unika kwamba maktaba zetu ni majengo matupu, au mbaya zaidi, kwamba kitabu kipo ila mmekificha. Kumbe hakijawahi kuandikwa na binadamu yeyote. Ametajiwa na akili mnemba, hii AI ya kwenye simu.

Msidhani ni letu peke yetu. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani lilichapa orodha ya vitabu 15 vya kusoma wakati wa kiangazi. Vitano tu ndivyo vilivyokuwepo. Vile 10 vilibuniwa na mashine na kubandikwa majina ya waandishi maarufu walio hai. Orodha ilitoka kwa mwandishi wa kujitegemea, ikapitia kampuni inayouzia magazeti kurasa zilizokwisha kupangwa, ikafika mitamboni bila mtu kuuliza. Mkutubi wa tawi dogo kabisa, mwenye kompyuta moja na mtandao wa kusuasua, angeigundua kabla chai haijapoa. Miaka miwili kabla ya hapo mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuipelekea mahakama kesi ambazo hazikuwahi kusikilizwa popote. Na mwishoni mwa 2025 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ililazimika kuwatahadharisha watafiti kwamba wanaomba nyaraka ambazo hazimo kwenye hifadhi yake. Hata wao wanashukiwa kuficha!

Kwa nini inakuwa hivi? Mashine hizi zimelishwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno gani hupenda kufuata neno gani. Ukiziomba marejeo, zinatunga kitu chenye sura ya marejeo. Siku hizi baadhi hupekua kwanza kwenye intaneti kabla ya kujibu, na makosa yamepungua. Lakini habari za vitabu vyetu huko mtandaoni ni chache, kwa hiyo pale pale tunapozihitaji zaidi ndipo zinapobuni zaidi.

Basi akija mtu na orodha ya namna hiyo, msimcheke wala msimsomee hotuba juu ya uvivu wa vijana. Vuteni kiti, mkae naye.

Anzeni na mchapishaji. Akiwaonyesha kitabu cha East African Literature Bureau cha mwaka 1985, hapo pana walakini: shirika lile lilianza 1948 na likafa pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977. Tanzania Publishing House ya mwaka 1959? Haikuwepo, imeanzishwa 1966. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, 1981? Mwaka huo ilikuwa bado TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili; jina hilo jipya, kwa kifupi TATAKI, limekuja 2009. Makala ya Tanganyika Notes and Records ya mwaka 1982? Jarida lilianza kwa jina hilo 1936, ila baada ya Muungano liligeuka kuwa Tanzania Notes and Records. Mambo haya hayafundishwi kwenye semina za siku mbili. Yanaingia kichwani kwa kushika vitabu, kugeuza ukurasa wa pili na kusoma zile herufi ndogo ambazo wasomaji wote huziruka. Ndiyo maana nawasihi msikubali kutolewa rafuni na kuketishwa mbele ya skrini siku nzima.

Kisha ISBN, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Kwenye namba ya tarakimu 13, zinazofuata 978 hutaja nchi au eneo la lugha: zetu ni pamoja na 9976 na 9987, za Kenya ni pamoja na 9966, za Uganda ni pamoja na 9970. Kitabu kinachodaiwa kutoka kwa mchapishaji wa Dar es Salaam mwaka 2011 huku namba yake ikianza 978-0 au 978-1 kina swali la kujibu. Sisemi ni cha uongo moja kwa moja, maana wapo wachapishaji wenye mlango hapa na mlango Ulaya. Tarakimu ya mwisho nayo imewekwa kwa ajili ya ukaguzi. Ya kwanza izidisheni kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyo hivyo mpaka ya 13, halafu jumlisheni. Jawabu lisipogawanyika kwa 10 bila salio, namba imekosewa kunakiliwa au imebuniwa. (Vitabu vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10 na hesabu yake ni nyingine; anzeni na hii.) Ifanyeni kwa kalamu, mbele ya msomaji, kwenye kipande cha karatasi. Kijana aliyekuja akiamini simu kuliko watu ataona kwa macho yake kwamba namba aliyopewa haijumlishiki, na hatahitaji kuambiwa zaidi. Ikijumlishika, msishangilie mapema, kwani mashine inaweza kubahatisha, au ikachukua namba ya kitabu kingine cha kweli. Itafuteni kama namba, bila jina, mwone inaleta kitabu gani.

Mkimaliza kuthibitisha kwamba hakipo, msiishie hapo. Nyuma ya kitabu cha uongo kuna swali la kweli. Aliyekuja kuomba kitabu cha kubuniwa juu ya vibarua wa mkonge Tanga anataka kujua juu ya vibarua wa mkonge Tanga, na juu ya hilo tunazo ripoti za mwaka za serikali ya kikoloni, tunayo magazeti, zipo tasnifu za vyuo vyetu zilizojaa vumbi. Mpelekeni huko. Ataondoka na karatasi halisi mkononi, na mwakani atawaletea wenzake.

Hapo nafika kwenye lile linalonikosesha usingizi zaidi, ambalo mashine hazina kosa nalo. Ni letu.

Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923. Ndimo Waswahili wa bara na pwani walimojibizana kwa mashairi, wakauliza maswali ya afya na kilimo, wakatangaza misiba. Shaaban Robert alipeleka mashairi yake humo. Kuna maktaba zenye majalada yake, pamoja na Ngurumo, Uhuru na mengine, yamefungwa kamba ya katani stoo, na hakuna kadi wala rekodi ya kompyuta inayosema yapo. Kwa msomaji wa leo, jalada lisiloorodheshwa halipo. Kwa mashine vile vile halipo. Kwa hiyo ukiiuliza Mambo Leo lilisema nini juu ya jambo fulani, itakujibu kwa ufasaha kabisa bila kuwa imeligusa.

Ndiyo maana nawashauri: akija mtu na mradi wa "maktaba ya kisasa yenye akili mnemba", mumkaribishe kwa heshima, kisha mumwombe kwanza pesa za kuorodhesha. Orodha ya stoo ndiyo iwe mwanzo. Halafu kuua mchwa. Halafu kuskani. Mengine yatafuata. Nawajua wakubwa wenu hupenda kitu cha kukata utepe, na stoo iliyopangwa haikatwi utepe. Vumilieni.

Kumbukeni tulivyoyapata mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Yeye alifariki karibu mwaka 1840. Mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwenye kumbukumbu, yake na ya wazee wa mji, akayaandika na kumfafanulia Mwingereza W. E. Taylor, na makaratasi hayo leo yako kwenye chuo cha SOAS, London. Tumshukuru Mungu kwamba yako mahali. Lakini Mombasa ndiyo iliyokuwa imeyabeba yote, na mtoto wa Mombasa anayetaka kuona hati yenyewe anaelekezwa Uingereza. Miswada kama ile ingalipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ingalipo kwenye Nyaraka za Taifa Zanzibar, na mingine, naamini, imo kwenye masanduku ya majumbani Lamu, Pemba na Pangani. Atakayekuja kuiskani atakuja na mashine nzuri na maneno matamu. Kabla hamjamfungulia sanduku, yaandikwe: nakala ya kwanza inabaki kwa nani, nani ataruhusiwa kuitumia kufundishia mashine, na mwenye nyumba anapata nini. Kwa maandishi, na mwanasheria aisome.

Msione naogopa kivuli. Mwaka 2025 jaji mmoja wa California aliamua shauri kati ya waandishi na Anthropic, kampuni ya akili mnemba. Ilibainika kampuni ilinunua vitabu vingi vya karatasi, ikavikata migongo, ikaviskani na kuvitupa, na jaji akasema kuifundishia mashine kwa vitabu ilivyovinunua ni halali kwa sheria za kule. Kilichoiponza ni mamilioni ya nakala ilizopakua kutoka maktaba za wizi mtandaoni. Wakapatana ilipe dola bilioni 1.5, karibu dola 3,000 kwa kila kitabu. Usione vyaelea, vimeundwa, na waundaji wameahidiwa malipo walau kidogo. Ila sikilizeni sharti: kitabu kiwe na namba yake na kiwe kimesajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Mwandishi wa Kiswahili ambaye kitabu chake kilipakuliwa vile vile lakini hakikusajiliwa kule hana chake. Waambieni waandishi wanaopita kwenu wasajili kazi zao, na wachapishaji walete nakala Maktaba ya Taifa kama sheria inavyowataka. Wengi hawaleti.

Kuhusu vitabu vinavyotungwa na mashine nitasema machache. Ni vingi kiasi kwamba Septemba 2023 Amazon, lile duka la mtandaoni, iliweka kikomo: mtu mmoja asipandishe zaidi ya vitabu vitatu kwa siku. Vitatu kwa siku, wanangu, na hicho ndicho kikomo! Mwaka huo huo wataalamu wa uyoga wa New York walionya juu ya vitabu vya kuokota uyoga vilivyoonekana kutungwa na mashine, maana kosa moja humo ni kaburi. Kwa hiyo msipokee msaada wa nakala laini kwa gigabaiti. Pokeeni kwa kitabu, na kila kimoja mwandishi wake ajulikane ni nani na anaishi wapi.

Sisemi msizitumie. Msomaji asiyeona anaweza kusomewa ukurasa na simu yake mwenyewe bila kumngoja mtu, na hilo kwetu lilikuwa ndoto. Muhtasari wa Kiingereza kigumu unaweza kugeuzwa Kiswahili chepesi ili mwanafunzi ajue kama kitabu kinamfaa kabla hajakiazima. Rekodi ya katalogi inaweza kuanzishwa na mashine mkaimalizia ninyi. Ninachokataa ni muhtasari kugeuka kitabu. Kijana anasoma nusu ukurasa wa riwaya ya kurasa 200 kisha anajadili wahusika ambao hajakaa nao. Hili halitatibiwa na marufuku. Mwalimu wa fasihi aulize maswali ambayo muhtasari hauna majibu yake, na mkutubi amsaidie kuyapata.

Jingine: siri ya msomaji. Tulifundishwa kwamba mtu akiazima kitabu cha maradhi au cha talaka, hilo linabaki kati yake na kaunta. Sasa anaiuliza simu, na swali linakaa kwenye kompyuta za kampuni ng'ambo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya wanayo yao ya 2019. Zisomeni. Na mwambieni msomaji asibandike humo jina lake, cheti cha hospitali wala tasnifu ambayo haijawasilishwa.

Mwisho nawaomba kazi moja, haina gharama. Wekeni daftari kaunta. Kila anapokuja mtu na kitabu kisichokuwepo, andikeni jina la kitabu, mwandishi aliyesingiziwa, na lile swali lililokuwa nyuma yake. Kila mwisho wa mwezi pigeni picha kurasa hizo, muwatumie wenzenu wa maktaba nyingine kwenye kundi lenu la WhatsApp, ili mtu asipoteze asubuhi nzima akitafuta Mwanza kile ambacho Mtwara walishathibitisha hakipo. Safu ya nne ya daftari iacheni wazi kwanza. Humo mtaandika kitabu cha kweli mlichompa, na namba yake ya rafuni.

Ni mimi mzee wenu,
mkutubi mstaafu, Tanga