Kabla bikoni hazijawekwa kando ya korongo

Dodoma

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na wazazi wote hawajambo? Umeniuliza watu wa mtaa wenu watafikaje kwenye bustani mnayoitaka kando ya korongo. Njia ya kufika inatafutwa kwenye mchoro wa viwanja, kabla mpima hajaweka bikoni, yaani vigingi vya mipaka. Viwanja vikishagawiwa, kila kichochoro mtakachokihitaji kitadaiwa fidia.

Kinachoua bustani za namna hii ni viwanja vinavyolipa korongo kisogo. Mwenye nyumba anajenga ukuta nyuma, anatoboa tundu la maji machafu, na taka anazirusha upande asikoonekana. Muda si mrefu ni jalala, na hakuna mwanamke anayepita hapo jioni. Mwambieni mtu wa mipangomiji achore barabara ya mtaa kati ya viwanja na hifadhi ya mto, yaani ukanda usiojengwa kando ya korongo, nyumba zitazame korongo. Madirisha na genge la mboga hulinda kuliko uzio. Mtapoteza safu nzima ya viwanja, na kelele zitaanzia hapo, tafadhali msilegee. Kisha kila baada ya mita 200 hivi iachwe njia ya miguu ya mita 4 itokayo ndani ya mtaa, yenye bikoni zake, na iandikwe kwenye mchoro kuwa ya umma. Isiyoandikwa huuzwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini ukingo upi? Mpima akija Agosti hukuta mchanga mkavu, akapimia hapo. Pimeni kutoka maji yalipofika wakati wa mafuriko: tazameni takataka zilizonasa kwenye matawi ya migunga, waulizeni wazee wanaonywesha mifugo hapo. Kwenye kona, maji hula upande wa nje. Huko ongezeni nafasi, hasa pale malori yanapochota mchanga, kwa sababu sakafu ya korongo ikishuka, kingo huporomoka.

Njia yenyewe iwe ya changarawe iliyoshindiliwa, unene sentimita 15, upana mita 3, ikiinama kidogo kuelekea korongoni. Mteremko wa kuingilia usizidi mita 1 kwa kila mita 12, ili kiti cha magurudumu kipite. Mtaro wa mtaa unapoikata njia, jengeni drifti ya mawe na zege, yaani kivuko cha chini ambacho maji hupita juu yake, badala ya kalvati dogo. Kalvati huzibwa na mchanga na chupa za plastiki, maji yakapanda juu na kuibeba njia.

Vyoo vikae nje ya zile mita 60, maana kiangazi watu huchimba visima mchangani. Ng'ombe nao waachiwe mahali pa kushukia. Mkipafunga, uzio utakatwa. Nguzo za zege zilizoachana mita 1.2 huzuia magari tu. Bodaboda wapeni kijiwe langoni, hawatakuwa na haja ya kuingia.

Mikwaju na migunga pandeni mvua zikishakolea, Desemba au Januari, kila mche na boma lake la miiba kuzuia mbuzi. Tengeni fedha za maji ya miezi ya kiangazi kwa miaka 2 kabla hamjanunua mche hata mmoja.

Nitumie picha ya mchoro kabla haujapelekwa kwenye mkutano wa mtaa. Nataka kuziona hizo njia za mita 4.

Rafiki yako