Risala ya Kamati ya Wazazi wa Kikundi cha Tenisi cha Watoto, Nairobi, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, tunakukaribisha kwa furaha, na tunakushukuru kwa kufika mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi, jambo ambalo hatujalizoea.

Kikundi hiki kilizaliwa baada ya Julai 2022, pale Angella Okutoyi na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp, walipopoteza seti ya kwanza mbele ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko, kisha wakageuza mchezo na kumfanya binti yetu kuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam, yaani mojawapo ya mashindano makuu manne ya tenisi duniani, kule Wimbledon. Machi 2024 aliongeza dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Nasi hatukubaki nyuma: tulianza na raketi 3, leo tunazo 11, 9 kati yake zikiwa na nyuzi, na mwaka jana tulifika nusu fainali ya mashindano ya mtaa yaliyovutia vikundi 4.

Mheshimiwa, Okutoyi alilelewa na nyanya yake, wala hapakuwa na utajiri nyumbani. Alijifunza tenisi akiwa mdogo katika shule ambako nyanya huyo alikuwa akifanya kazi, kwa sababu hapo palikuwa na uwanja. Sisi tunao pia, ila ufa uliopita katikati yake sasa unaota nyasi, na mpira ukiudunda huruka kando, hata mtoto aliyejipanga vizuri hupiga hewa na kudhani kosa ni lake. Wavu tumeuunganisha kwa kamba ya kuanikia nguo. Mvua ikinyesha, mazoezi husimama siku 3 tukichota maji kwa ndoo.

Wageni wa heshima wawili waliokutangulia, ambao tunawaheshimu sana, walituahidi ukarabati. Mmoja aliupima uwanja kwa hatua zake mwenyewe huku katibu akiandika. Karatasi hiyo tunayo bado, na nakala yake tumeiambatisha ili usisumbuke kupima tena.

Ombi letu, kwa hiyo, ni moja tu: sakafu mpya ya uwanja pamoja na mtaro wa maji, kabla ya mvua za masika. Fulana hatuhitaji, tulipewa mara zote mbili. Tungefarijika zaidi iwapo, kabla ya chakula kuandaliwa, ungetutajia tarehe ambayo fundi atafika.

Tunaomba kuwasilisha.