Vijana wafundishwe pia kuhakiki msimbo wa wenzao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu programu huria ambao umekuwa ukijitokeza katika kurasa zako za teknolojia. Wachangiaji wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema kwamba taasisi zetu zisitegemee programu ambazo mtu yeyote duniani anaweza kuzibadilisha, na wapo wanaowahimiza vijana waingie kwa wingi katika miradi hiyo na kupeleka mabadiliko yao ili wapate uzoefu na ajira. Naona makundi yote mawili yameiruka hatua iliyo katikati, yaani kile kinachotokea baada ya mchangiaji kutuma mabadiliko yake na kabla hayajawa sehemu ya programu. Kwa kuwa ninafundisha somo la programu za kompyuta, nitaieleza hatua hiyo kwa mfano wa kompaila ya lugha ya Rust, ambayo kumbukumbu zake za kazi ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Kompaila ni programu inayopokea msimbo ulioandikwa na binadamu na kuugeuza kuwa amri zinazotekelezwa na kompyuta. Rust ilianzishwa mwaka 2006 na Graydon Hoare, mfanyakazi wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, kwanza kama kazi yake binafsi. Toleo 1.0 lilitoka Mei 2015, na tangu hapo toleo jipya limekuwa likitoka kila baada ya wiki sita, pamoja na ahadi kwamba programu inayokubaliwa na toleo thabiti la leo itaendelea kukubaliwa na matoleo yajayo, isipokuwa pale inapolazimu kuziba kasoro ya usalama. Ahadi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kupokea mabadiliko kuwa ngumu, kwa sababu kosa likishapita na watu wakalizoea, hata kulisahihisha kunaweza kuvunja kazi zao.

Ni kweli kwamba mwenye akaunti ya GitHub, tovuti ambako msimbo wa mradi huo huhifadhiwa, awe Mbeya au Montreal, anaweza kutuma ombi kwamba mabadiliko yake yaunganishwe na msimbo mkuu wa kompaila hiyo. Ila ombi ni ombi tu. Likishafika, programu-roboti humpangia mhakiki kutoka miongoni mwa watu wanaoifahamu sehemu inayoguswa, naye husoma mstari kwa mstari, huuliza kwa nini njia hii imechaguliwa badala ya ile, na mara nyingi hudai liongezwe jaribio ambalo lingeshindwa kabla ya marekebisho na litakalofaulu baada yake. Mabadiliko yanayogusa lugha yenyewe, kwa maana ya kile ambacho watumiaji wataruhusiwa au kukatazwa kuandika, hayaamuliwi na mhakiki mmoja: timu inayohusika hupiga kura, kisha hutangazwa siku kumi za mwisho za kutoa pingamizi. Kipengele kipya kikikubaliwa bado hufungiwa katika matoleo ya majaribio ya kila usiku, na kinaweza kukaa humo miaka kabla ya kuruhusiwa katika toleo thabiti.

Baada ya mhakiki kuridhika ndipo inapofuata sehemu ambayo wanafunzi wangu huona ni urasimu. Mhakiki haunganishi mabadiliko kwa mkono wake. Huandika kibali kifupi tu, na programu iitwayo Bors huliweka ombi katika foleni. Zamu yake ikifika, Bors huchukua msimbo mkuu jinsi ulivyo saa hiyo, huuchanganya na mabadiliko hayo pembeni, na kuupitisha mchanganyiko huo katika majaribio yote, kwenye Linux, Windows na macOS na kwa aina mbalimbali za vichakataji. Yote yakifaulu, mchanganyiko uliojaribiwa ndio unaokuwa msimbo mkuu mpya. Moja likishindwa, msimbo mkuu haujaguswa kabisa.

Msomaji atauliza kwa nini kurudia majaribio ikiwa mwandishi na mhakiki walishayafanya. Sababu ni kwamba mabadiliko mawili yaliyo sahihi kila moja kwa upande wake yanaweza kuwa mabaya yakikutana. Chukulia mchangiaji wa kwanza amebadilisha jina la kazi fulani (function, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) ndani ya kompaila na kulirekebisha kila mahali lilipotumika, huku wa pili, bila habari hizo, akiongeza faili jipya linaloita kazi ileile kwa jina lake la zamani. Hawakugusa mstari uleule, kwa hiyo Git, programu inayotunza historia ya msimbo na kuunganisha mabadiliko, haioni mgongano wowote. Majaribio ya kila mmoja yalifaulu kwa kuwa yalifanywa kabla ya kukutana. Na bado siku yote mawili yakiingia, kompaila haijengeki tena. Ni sawa na fundi umeme na fundi bomba waliochimba ukuta mmoja kutoka pande mbili, kila mmoja kwa ramani sahihi. Katika mradi wenye wachangiaji wachache jambo hili hutokea kwa nadra na hurekebishwa asubuhi. Katika mradi wa wachangiaji wengi lingekuwa likitokea mara kwa mara, na kila likitokea watu wengi wangesimamisha kazi kwa kosa ambalo si lao. Hoare, aliyeandika Bors ya kwanza, aliliondoa kwa kanuni moja: kisiingie kitu ambacho hakijajaribiwa katika hali ileile kitakayokuwa nayo baada ya kuingia.

Kanuni hiyo ina gharama. Majaribio kamili ya kompaila huchukua saa kadhaa, na kwa kuwa maombi hupita moja baada ya jingine, siku nzima hutosha maombi machache tu. Njia waliyobuni ni kuyafunga pamoja maombi madogo yasiyo na hatari kubwa, kama vile masahihisho ya maelezo au ya ujumbe wa makosa, yakapimwa kwa mpigo. Furushi likifeli, mtu anapaswa kukaa na kutafuta lipi kati yao lililoliangusha. Mabadiliko yanayoshukiwa kuathiri kasi ya kompaila hayafungwi na mengine hata yakiwa madogo, ili vipimo vya kasi vikionyesha imepungua ijulikane mara moja nani wa kuulizwa. Nakiri kwamba napenda sana kuifundisha kanuni hii ndogo, kwa kuwa inaonyesha kwamba anayeunganisha hujali pia kesho atakapohitaji kujua nini kilibadilika lini.

Kuna pia chombo kiitwacho Crater. Mabadiliko yanaweza kufaulu majaribio yote ya mradi na bado yakavunja programu za watu wa nje ambazo mradi haujapata kuzisikia. Pakiwa na wasiwasi huo, Crater huchukua vifurushi vya msimbo vilivyowekwa hadharani na watumiaji wa Rust, huvijenga kwa kompaila ya sasa na kwa ile yenye mabadiliko, kisha hulinganisha matokeo. Kazi hiyo huweza kuchukua siku kadhaa, na mwisho wake ni orodha ambayo lazima isomwe na binadamu, kwa sababu baadhi ya vifurushi hushindwa kwa sababu zao wenyewe zisizohusiana na mabadiliko hata kidogo. Kifurushi kikivunjika kweli, wahakiki huamua kama waachane na mabadiliko hayo, wayacheleweshe huku watumiaji wakipewa onyo, au wamwandikie mwenye kifurushi na kumpelekea marekebisho.

Ukali huu una sababu ya zamani kuliko Rust. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa uendeshaji wa Unix, katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1984 alipopewa Tuzo ya Turing, alionyesha kwamba kompaila inaweza kutiwa hila ya kuingiza mlango wa siri katika programu ya kuhakiki nywila, na pia ya kujipandikiza upya kila inapotumiwa kujenga kompaila mpya, hata pale ambapo msimbo unaosomeka umesafishwa na hauna dalili yoyote ya hila hiyo. Kompaila ya Rust, iliyoanza kwa kuandikwa katika lugha ya OCaml, tangu mwaka 2011 imekuwa ikijijenga yenyewe: toleo lililotangulia ndilo hujenga linalofuata. Kinachoingia leo kwa uzembe hakiishii katika programu moja.

Kwa hiyo kwa ndugu zangu wa kundi la kwanza nasema kwamba programu kuwa huria hakumaanishi kwamba haina mlinzi. Lakini sitawaambia kwamba walinzi wapo kila mahali. Machi 2024 mhandisi Andres Freund, alipokuwa akichunguza kwa nini kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, njia ya kuingia kwa mbali kupitia mtandao, kulikuwa kukichelewa kwa takriban nusu sekunde, aligundua mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data inayotumiwa sana katika mifumo ya Linux. Aliyeuweka alitumia jina la Jia Tan, na alikuwa amejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili kwa michango mizuri, wakati akaunti nyingine zikimshinikiza mtunzaji wa mradi, aliyekuwa karibu peke yake na amechoka, akabidhi madaraka. Sehemu ya hila ilifichwa ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio. Hapo mlango wa kupokelea michango ulikuwa na mlinzi, ila mlinzi mmoja asiyelipwa hakuweza kuulinda.

Kukataa kupokea nako kuna hasara zake. GCC, kompaila iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1987, ilifikia miaka ya tisini ikiwa na wasimamizi wachache na upokeaji wa pole mno wa michango. Mwaka 1997 kundi la wachangiaji wake lilijitenga na kuanzisha tawi lililoitwa EGCS, lenye milango mipana zaidi. Tawi hilo lilikwenda kwa kasi kiasi kwamba mwaka 1999 Free Software Foundation, shirika lililoanzishwa na Stallman, ililitambua kuwa ndilo GCC rasmi.

Sasa nigeukie kundi la pili, ambalo moyoni ndiko niliko. Tunapowaambia vijana wachangie bila kuwafundisha namna mchango unavyopokelewa, tunawaongezea mzigo watu waliokwisha kulemewa. Oktoba 2020 shindano la Hacktoberfest, lililokuwa likitoa fulana kwa washiriki waliotuma maombi manne, lilisababisha miradi mingi kufurikwa na maombi ya kuongeza neno moja lisilo na maana katika ukurasa wa maelezo, na waandaaji wakalazimika siku chache tu baada ya kuanza kubadili kanuni ili ihusike tu miradi iliyoridhia kushiriki. Mhakiki alilazimika kufungua kila ombi, kulisoma na kulifunga. Siku hizi, ambapo mashine za akili bandia zinaweza kumwandikia mtu mabadiliko ya mistari mia mbili kwa dakika moja, pengo kati ya wepesi wa kuandika na ugumu wa kuhakiki limezidi kupanuka. Mwandishi asiyeweza kueleza mistari aliyoituma humwachia mhakiki kazi yote.

Pendekezo langu ni kwamba vyuo vyetu viipe kazi ya kuhakiki alama zake. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apimwe pia kwa maswali aliyouliza kuhusu kazi ya mwenzake, kwa kasoro alizozibaini kabla hazijaunganishwa, na kwa lugha aliyotumia kumweleza mwenzake kwamba kazi yake bado, jambo ambalo si dogo kwa vijana wetu wanaoona haya kumkosoa mtu mbele za watu. Makundi ya mradi yatumie foleni na majaribio ya lazima, badala ya kila mmoja kumwaga msimbo wake usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Upo msimbo wa kutosha wa kujifunzia, na mijadala ya wahakiki wa Rust, GCC na LLVM (mradi mwingine wa kompaila) inasomeka bure.

Waajiri nao wanahusika. Benki na kampuni za simu zinazoendesha mifumo yake juu ya programu huria zingeweza kumruhusu mhandisi wao kutumia sehemu ya saa za kazi kuhakiki katika mradi ambao wanautegemea. Agosti 2020 Mozilla ilipopunguza wafanyakazi wapatao 250, wakiwemo baadhi ya waliokuwa wakiishughulikia Rust, ilionekana wazi jinsi mradi wa watu wengi ulivyoegemea mishahara ya kampuni moja. Februari 2021 iliundwa Rust Foundation kwa ushirikiano wa AWS (kampuni tanzu ya Amazon), Google, Huawei, Microsoft na Mozilla. Hakuna sababu ya mhakiki anayelipwa kuwa daima ameajiriwa Marekani, Ulaya au China.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuanza sasa hivi, mradi wa Rust huweka alama kwenye masuala yanayomfaa mgeni, na katika baadhi yake mtu mwenye uzoefu huwa amejitolea kumwongoza atakayelichukua. Ningemshauri kabla ya kuandika chochote achague maombi machache yaliyokataliwa katika sehemu anayoipenda, ayasome kuanzia ujumbe wa kwanza hadi yalipofungwa, kisha amweleze mwalimu wake kwa nini yalikataliwa.

Msomaji wako,
Mwalimu wa programu za kompyuta,
Dodoma