Roboti ikizima uwanjani, tuanze na betri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu mashindano ya roboti ya wanafunzi, hasa yale niliyoyahudhuria hivi karibuni hapa Mwanza nikiwa mtazamaji. Kila roboti iliposimama katikati ya uwanja, mtangazaji alisema kwamba mtandao unasumbua, walimu wakaitikia, na wanafunzi wakarudi kwenye viti vyao wakiamini kwamba wameangushwa na kitu kilichoko hewani ambacho hakuna aliyeweza kukizuia. Mimi ni fundi wa redio za boti, na kwa niliyoyaona siku ile, lawama hiyo mara nyingi ilitupwa mahali pasipohusika.

Nichukue roboti moja tu. Ilikwenda vizuri mpaka ilipofika kwenye kizuizi cha mbao. Magurudumu yakakwama, mota zikaunguruma, na papo hapo taa nyekundu ya bodi ya redio, yaani kibao kinachopokea amri za rimoti, ikazimika, ikawaka tena, kisha taa ya bluu ikaanza kupepesa vilevile ilivyopepesa roboti ilipowashwa mara ya kwanza. Vijana wakainyanyua, wakaizungusha antena huku na huku, wakaomba watu wazime simu. Hakuna aliyeitazama taa. Bodi inayozimika na kuanza upya imekosa umeme, na antena haiwezi kuisaidia kwa lolote.

Chanzo chake kinajulikana. Mota iliyozuiwa isizunguke huvuta mkondo mara kadhaa kuliko ule inaouvuta inapozunguka bila mzigo, volti za betri hushuka kwa sehemu ya sekunde, na bodi ya redio inayohitaji volti 3.3 zisizoyumba huzimika hata kama mota zenyewe hazijahisi chochote. Ziwani tunayaona hayohayo kila siku: nahodha anapopiga starta, redio iliyofungwa kwenye betri ya injini hukatika, na sijawahi kumsikia mvuvi akiilaumu chaneli 16, ile ya wito na dharura majini. Wanafunzi hupima betri ikiwa imetulia, wanasoma volti 12 na kitu, wanaridhika. Ipimwe roboti ikiwa inasukuma ukuta. Na kwa kuwa mita ya kawaida haina wepesi wa kuonyesha mshuko wa sehemu ya sekunde, taa ya bodi ibaki kuwa shahidi wa kwanza.

Bodi zinazopendwa na shule kwa sababu ya bei zinahitaji uangalifu zaidi katika jambo hili. ESP32, bodi ndogo yenye Wi-Fi ndani yake, inaporusha mawimbi ya Wi-Fi huvuta zaidi ya miliampea 200 kwa mikupuo. Redio ndogo ya nRF24L01, ile yenye antena ya nje, inaweza kupita miliampea 100 inaporusha kwa nguvu zake zote, ilhali pini (mguu wa kuunganishia waya) ya volti 3.3 ya Arduino Uno, bodi inayoendesha programu ya roboti, imekusudiwa kutoa miliampea 50 tu. Kwa hiyo kijana anayenunua redio yenye antena kubwa ili apate masafa marefu, kisha akaiunganisha kwenye pini hiyo, anaweza kupata mawasiliano mabaya kuliko aliyekuwa nayo mwanzo. Dawa yake ni kuipa redio njia yake ya umeme yenye rigyuleta, kifaa cha kutuliza volti, na kuchomelea kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo, ya mikrofaradi 10 au zaidi karibu kabisa na miguu ya umeme ya redio. Na mtu akaze skrubu za waya za betri kabla ya kila mchezo, maana roboti hutikisika na skrubu hulegea.

Sisemi kwamba hewa haina makosa yake. Vifaa hivi vingi hutumia eneo la gigahezi 2.4, kuanzia megahezi 2400 hadi 2483.5, ambalo Wi-Fi hugawana na Bluetooth. Ndani yake chaneli za Wi-Fi zimepangwa kwa hatua za megahezi 5, lakini kila moja hutanda kwa takriban megahezi 20, hivyo tatu tu, yaani 1, 6 na 11, ndizo zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana. Katika ukumbi wenye timu nyingi, pamoja na walimu wanaogawa intaneti kwa simu zao, msongamano ni wa kweli, na roboti iliyofanya vizuri peke yake katika uwanja wa shule inaweza kuanza kuchelewa kupokea amri. Dalili yake, hata hivyo, ni tofauti na ile ya kwanza: taa ya umeme haizimiki, ila roboti hufuata amri kwa kusitasita.

Kuna kosa jingine ambalo lingechekesha kama halingewagharimu vijana. Masomo mengi ya nRF24L01 yanayopatikana mtandaoni hutumia anwani ileile ya mfano, 00001, yaani namba ambayo rimoti na roboti hutambuana kwayo, na programu yake ya kawaida huanza kwenye chaneli 76. Shule mbili zikinakili somo moja bila kubadilisha kitu, rimoti ya shule hii inaiamuru roboti ya shule ile. Wapo wanaoshauriwa kukimbilia chaneli 108 ili kuikwepa Wi-Fi. Hiyo ni megahezi 2508, nje ya eneo lililo wazi kwa matumizi ya vifaa vya namna hii, na walimu wawaeleze wanafunzi kwamba masafa ya redio nchini yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa hiyo si kila namba ambayo kifaa kinaikubali ni ruhusa ya kuitumia.

Kuhusu antena nitasema kwa ufupi: isifungiwe ndani ya sanduku la alumini, wala isilazwe juu ya betri. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa takriban sentimita 12.5, na bamba la chuma lenye ukubwa wa kiganja likiwa karibu na antena linaweza kulizuia. Kwa wale walionieleza kwamba mawe ya Mwanza ndiyo yanayokata mawasiliano, ni kweli kwamba vilima vyetu huziba mawimbi ya simu kwenye baadhi ya mitaa, lakini kati ya dereva na roboti iliyo mbele yake ukumbini hakuna jiwe.

Ombi langu ni kwa waandaaji. Watenge meza ya ukaguzi wa redio ambapo kila roboti itawashwa, itabanwa magurudumu na kutazamwa taa zake kabla ya kuruhusiwa kushindana. Wagawe chaneli na anwani kwa orodha iliyobandikwa mlangoni, na wapige marufuku kugawa intaneti kwa simu ndani ya ukumbi. Kila programu iwe na kipengele cha kusimamisha mota amri zikikosekana kwa nusu sekunde, kwa sababu siku ile niliiona roboti iliyopoteza rimoti ikiendelea kukimbia hadi kwenye miguu ya watoto waliokaa mbele. Na mchezo urudiwe pale tu mwamuzi atakaposhuhudia kwamba redio ilikuwa inawaka muda wote na mawasiliano yakakatika. Ikiwa redio ilizimika na kuwaka upya, matokeo yabaki yalivyo, na timu ipewe muda wa kushughulikia nyaya zake kabla ya mchezo unaofuata.

Fundi wa redio za boti,
Kirumba, Mwanza