Mbeya–Dar kwa ndege: tuhesabieni tangu mlangoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie muda wa safari ya ndege kati ya Uwanja wa Songwe, Mbeya, na Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam.

Tunaambiwa ni saa moja na robo hivi kwa jeti, saa moja na nusu kwa pangaboi. Sibishi. Kwa mstari ulionyooka angani ni takriban kilomita 690, wakati kwa barabara, kupitia Kitonga na Mikumi, zinazidi 800. Lakini hesabu hiyo ni ya ndege, si ya abiria, nasi tunaipangia safari kana kwamba ni yetu.

Juni iliyopita nilimpeleka mama yangu Dar kwa daktari bingwa. Miadi ilikuwa saa 5 asubuhi, ndege iondoke Songwe saa 2. (Tiketi iliandikwa 08:00, mama akaisoma saa nane mchana. Wazee wangapi wameachwa na ndege kwa jambo hilo tu?) Tulitoka Tukuyu saa 9 usiku, maana kutoka Uyole, tunapoikuta barabara kuu ya Tunduma, hadi uwanjani peke yake ni kilomita 29, na malori ya Tunduma hayalali. Kulipokucha ukungu ulikuwa umefunika uwanja wote, na ndege ya kutuchukua ilikuwa bado Dar. Tuliruka saa 6 mchana. Hewani tulikaa saa moja na dakika 20, sawasawa na tulivyoambiwa. Kisha kusubiri mizigo, kisha foleni ya mjini. Tulifika hospitali saa 9 alasiri, daktari ameshaondoka. Mama alikaa kwenye benchi bado amejifunga kitenge kizito cha baridi ya Tukuyu, jasho linamtoka, ananiuliza tulikosea wapi.

Saa 12 kamili, mlango hadi mlango. Simlaumu rubani, kwenye ukungu heri kuchelewa. Ninacholalamikia ni kwamba aliyenikatia tiketi hakunitajia ukungu, ingawa kila mwenyeji wa nyanda hizi anaujua. Angesema neno moja, ningeondoka siku moja kabla.

Wenzetu wa Iringa wana sababu kubwa zaidi ya kuliangalia hili. Kutoka uwanja wao wa Nduli hadi Dar ni kama kilomita 390 tu angani, na kadiri safari ya hewani inavyokuwa fupi ndivyo muda wa barabarani na wa kusubiri unavyochukua sehemu kubwa ya safari.

Kwa hiyo naomba wakata tiketi, na gazeti lako pia mnapoandika habari za safari, mtaje muda wa hewani na muda wa kutoka nyumbani hadi uendako, kwa saa za Kiswahili. Na miezi ya ukungu itajwe kabla mtu hajalipa nauli.

Msomaji wako,
Tukuyu, Mbeya