Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani, kuhusu mabati na mwalimu wa kwaya

Mheshimiwa Diwani,

Bwana Yesu asifiwe. Naanza na salamu hiyo kwa sababu ndiyo uliyotupa ulipopanda mimbarani Jumapili ile ya harambee, nasi tukakuitikia kwa nguvu.

Sikuandikii hadharani ili nikuaibishe. Nilikuja kwako mara mbili, mara zote nikaambiwa uko kikaoni. Na maneno yenyewe uliyasema kwa kipaza sauti, hata akina mama waliokuwa nyuma ya kanisa wakimenya ndizi waliyasikia.

Unanifahamu. Nilikufundisha darasa la tatu, na nilikuwa mmoja wa wazee waliokuhoji kabla ya kipaimara chako. Kadi yangu ya chama chetu, CCM, ninayo hadi leo, iko kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, nilikuwa miongoni mwa wale wengi, kama asilimia 80 hivi, waliotaka tubaki na chama kimoja. Vyama vingi vilipokuja mwaka uliofuata nilinuna muda mrefu. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba barua hii nimeandikiwa na wapinzani. Aliyeiandika ni kijani tupu.

Turudi Jumapili ile. Ulileta mabati 60 na ukaahidi mengine 40. Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa chetu, mwanangu. Paa letu linavuja, na wewe unazijua mvua za Rungwe: tunafungua ibada na jua, tunafunga na ndoo tatu sakafuni. Lakini ulipomaliza kuyahesabu mabati ulifungua Warumi 13, ukasoma mstari wa kwanza kwamba hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, ukafunga Biblia. Ukasema anayekipinga chama kilichoko madarakani anampinga aliyekiweka. Kisha ukamtazama mwalimu wa kwaya, ukasema haifai watu wa vyama vya fujo wasimame mbele ya madhabahu.

Jumanne yake baraza la wazee likakaa, nami nikiwemo. Tukaamua kijana "apumzike" kuongoza kwaya. Ndilo neno lililoandikwa kwenye muhtasari. Sikusema kitu. Katibu akaandika kwamba wajumbe wote wameafiki.

Sasa nisikilize, kama ulivyokuwa ukinisikiliza zamani ukiwa dawati la mbele.

Siku ile ulikalishwa kwenye sofa. Lilitolewa nyumbani kwa mchungaji, likabebwa na vijana wanne, mmoja wao mwalimu wa kwaya huyo huyo. Sisi wengine tulikuwa kwenye mabenchi, na waliochelewa walisimama ukutani. Mnada wa sadaka za mazao ulipofika, mama mmoja mjane alitoa mkungu mmoja wa ndizi. Ukanunuliwa kwa bei ya kutupa, na jina lake halikutajwa, kwa sababu mshereheshaji alikuwa bado anakusifu wewe. Niliporudi nyumbani nikasoma Yakobo sura ya pili, nikaona ibada yetu nzima imo mle: mwenye pete ya dhahabu anaambiwa keti hapa mahali pazuri, na maskini anaambiwa simama pale. Yakobo hamlaumu mwenye pete. Analilaumu kanisa. Kwa hiyo sehemu hiyo ya lawama ni yetu, na wenzangu wa baraza nimewaambia hivyo hivyo uso kwa uso.

Lako ni lile la Warumi 13. Umelisoma neno la kweli, ila umeishia mlangoni. Sura hiyo hiyo, mstari wa nne, inasema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwako "kwa ajili ya mema". Ukishuka hadi wa kumi unakuta pendo halimfanyii jirani neno baya. Kumwondoa kijana kwenye kwaya aliyoifundisha miaka sita kwa sababu ya fulana ya upinzani aliyovaa mkutanoni, hilo nalo tuliweke kwenye mema? Mama yako alipofariki, nani alikesha uani kwenu akiimba hadi alfajiri katika baridi ile ya Julai? Hukumuuliza kadi.

Jambo jingine ni la historia, na hapa nisamehe, ualimu haunitoki. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Baadaye serikali ya Wajerumani ikaweka boma lake pale Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu yetu hii. Mei 1916 majeshi ya Waingereza yakavuka kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, na kuiteka. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Waumini wakabaki na wazee wao, na baadaye wakapata msaada wa Waskoti wa misheni ya Livingstonia. Sasa mfikirie mzee wa kanisa wa wakati ule, aliyeambiwa kwamba kumtii Kaisari wa Berlin ndiko kumtii Mungu. Aprili alikuwa na Kaisari. Juni ana Mfalme George. Angefanya nini, abatizwe upya? Kanisa lilibaki kwa sababu halikuwa la Kaisari tangu mwanzo. Tanganyika nayo ikaja, TANU ikaja, CCM ikaja mwaka 1977, na kengele ikaendelea kupigwa.

Na lile la bendera. Siku ile vijana wako walifunga bendera ya chama kwenye nguzo ya lango la kanisa. Ukiingia ndani utaona nembo yetu: Mwanakondoo amebeba bendera. Anayo yake tayari.

Utaniambia Katiba inakuruhusu kusali popote. Ni kweli, na uje. Ila Ibara ya 19 hiyo hiyo inasema shughuli za uendeshaji wa jumuiya za dini zitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Nani aongoze kwaya ni uendeshaji. Tena nakumbuka Agosti 2023, maaskofu Katoliki walipotoa tamko kuhusu mkataba wa bandari, wapo wenzetu chamani waliosema viongozi wa dini waache siasa. Sawa. Lakini mchungaji akihoji mambo ya serikali tunamwambia hayo si yake, na diwani akitaka mimbari tunamletea sofa. Mimi siioni tofauti, isipokuwa nani anasifiwa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sihitaji hata Biblia kukuonyesha kosa. Sisi wanachama tuliapa. "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja." "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Maneno hayo nimewafundisha watoto wa kata hii kwa zaidi ya miaka ishirini, wewe ukiwemo, na sikuwahi kuona yakigombana na katekisimu. Yalikaa pamoja kichwani mwangu bila shida. Umeyagombanisha wewe, siku moja, kwa mabati 60. Nikilazimika kuchagua nitachagua, na unajua nitachagua lipi. Ila nakukasirikia kwa kunifikisha hapo, maana chama hiki nakipenda.

Wiki iliyopita ulituma mtu aseme kwamba kijana anaweza kurudi kwaya, lakini kimya kimya, asisimame mbele mpaka uchaguzi wa viongozi wa kanisa upite. Nimekuelewa, ni njia ya kumaliza jambo bila mtu kuaibika. Lakini yule Paulo unayemnukuu, aliyeandika hiyo Warumi 13, alipopigwa viboko kule Filipi bila kuhukumiwa, mahakimu nao walituma watu wamfungulie atoke polepole. Akakataa. Alisema wametupiga mbele ya watu wote, sasa wanatutoa kwa siri? Waje wenyewe. Na mahakimu wakaja, wakawasihi. Imo katika Matendo 16.

Zoezi la kwaya ni Jumamosi saa tisa alasiri. Mimi nitakuwepo, kwa sababu nina langu la kumwambia kijana mbele ya wenzake, na nitalisema hata usipofika. Mabati yako tumeyahifadhi stoo, yote 60. Hatujapiga msumari hata mmoja.

Ni mimi mwalimu wako wa darasa la tatu,
mzee wa kanisa na mwanachama wa tawi lako.